Ndege Kubwa ya Mfano Nyumbani: Kuiunda, Kuitundika na Kuitunza Ufipa

Ndege kubwa ya mfano, katika makala haya, ni ile ambayo mabawa yake yanafika mita moja au zaidi kutoka ncha hadi ncha, imeundwa kwa kufuata vipimo vya ndege halisi, na haikusudiwi kuruka. Kazi yake ni kutazamwa: sebuleni, darasani, ofisini au dukani. Ng'ambo huuzwa ndege za plastiki za kuunganisha, zikiwa vipande ndani ya boksi, nyingi za skeli 1:72, 1:48 au 1:32. Zinazozidi mita moja ni chache hata huko, na bei yake ni kubwa. Anayeishi Pito, pembeni mwa Sumbawanga huko Ufipa, huunda kila kipande kwa mkono, na vingi vya kuundia vinapatikana kati ya shamba, fundi baiskeli na maduka ya vifaa vya ujenzi ya mjini.

Maswali yanayorudi kila mara ni ya gundi na rangi, nayo yatajibiwa hapa chini. Hata hivyo, kinachoangusha kazi nyingi hutokea kabla kopo la gundi halijafunguliwa. Ukubwa huchaguliwa kwa kutamani bila kupima nyumba, na uzito huachwa ukue hadi ndege haiwezi kutundikwa popote.

## Kupima nyumba

Vipimo vifuatavyo viandikwe kabla ndege yoyote haijachaguliwa:

- Upana wa mlango wa chumba na wa mlango wa nje. Milango mingi ya ndani ina sm 80 hadi 90.
- Kimo kutoka sakafuni hadi kwenye dari, au hadi kwenye mbao za kenchi kama nyumba haina dari.
- Urefu wa ukuta usio na dirisha wala mlango.
- Kona ya korido. Kitu kirefu hupita mlangoni vizuri, kisha kikagoma kwenye kona.

Ndege ya kutundikwa iache angalau mita 2 wazi chini ya magurudumu, ili mtu mrefu apite bila kuinama. Kama chumba ni kifupi, ndege isimame juu ya kabati au juu ya stendi. Kulazimisha kuitundika katika chumba kama hicho huishia kwa bawa lililovunjwa na kichwa cha mgeni.

## Kuchagua ndege na skeli

Hesabu ya skeli ni kugawanya. Kipimo halisi hugawanywa kwa namba ya skeli: bawa la mita 15.87 kwa skeli 1:10 huwa sm 158.7. Hizi ni ndege zinazojulikana kwa Watanzania, pamoja na skeli inayozifanya ziwe kubwa bila kufukuza wenye nyumba:

- Cessna 208B Grand Caravan: urefu mita 12.68, mabawa mita 15.87. Kwa 1:10 ni sm 127 na sm 159.
- Dash 8 Q400: urefu mita 32.8, mabawa mita 28.4. Kwa 1:25 ni sm 131 na sm 114.
- ATR 72: urefu mita 27.2, mabawa mita 27. Kwa 1:20 ni sm 136 na sm 135.
- Airbus A220-300: urefu mita 38.7, mabawa mita 35.1. Kwa 1:25 ni sm 155 na sm 140.
- Boeing 787-8: urefu mita 56.7, mabawa mita 60.1. Kwa 1:40 ni sm 142 na sm 150.

Wengi huanza na Boeing 787-8, ile Dreamliner ambayo Air Tanzania iliipokea kwa mara ya kwanza Julai 2018. Mapenzi hayo yanaeleweka, lakini ni ndege mbaya ya kuanzia. Bawa lake linapinda juu kuelekea ncha, pua yake haina upande ulionyooka, na injini zake mbili za mviringo zinaonyesha kila kosa la mkono. Caravan ndiyo ya kuanzia. Kiwiliwili chake kina pande bapa, bawa limekaa juu na limenyooka, linashikiliwa na mhimili upande huu na huu, magurudumu hayakunjwi, na injini ni moja. Imekuwa ikiruka tangu 1982. Coastal Aviation na Auric Air huitumia kupeleka abiria kwenye viwanja vya udongo na changarawe, kwa hiyo mtazamaji huitambua bila kuambiwa. Maelezo yanayofuata yanaifuata Caravan ya skeli 1:10.

Q400 ina faida moja ya pekee. Kiwiliwili chake ni bomba la mduara lenye kipenyo cha karibu mita 2.69, ambayo kwa skeli 1:25 ni sm 10.8. Bomba la plastiki la maji machafu la inchi 4 lina kipenyo cha nje cha mm 110, yaani karibu sawasawa. Kiwiliwili kinapatikana dukani kikiwa tayari. Tatizo ni uzito: bomba hilo peke yake huzidi kilo moja kwa kila mita, hivyo Q400 ya bomba ni ya kusimama kwenye stendi, isitundikwe.

Kuhusu uzito kwa ujumla, ndege ikiongezwa ukubwa mara 2 eneo la ngozi yake huongezeka mara 4, na kipande kilichojaa ndani huongezeka uzito mara 8. Kwa sababu hiyo ndege kubwa haichongwi kutoka kwenye gogo. Huundwa kwa viunzi na ngozi, ndani ikiwa tupu. Caravan ya kutundikwa isizidi kilo 2 ikiwa imekamilika na kupakwa rangi.

## Michoro na picha

Mchoro unaohitajika ni wa pande tatu: ubavu, juu na mbele. Viwanda vya ndege huichapisha michoro hiyo pamoja na vipimo, na duka la steshenari linaweza kuichapa vipande vipande kwenye karatasi za A4 kisha zikaunganishwa kwa gundi. Hapa pana mtego. Mashine ya kuchapa hupunguza mchoro kidogo ili uingie kwenye karatasi, na upungufu mdogo kwa kila karatasi hufanya bawa zima liwe fupi. Mstari wa sm 10 uchorwe pembeni mwa kila ukurasa kabla ya kuchapa, kisha upimwe kwa rula baada ya kuchapa. Usipofika sm 10 kamili, karatasi hiyo irudiwe.

Makosa mengine ya hatua hii:

- Kuchanganya Caravan fupi na ndefu. Ya kwanza, 208, ina urefu wa mita 11.46; 208B imeongezwa mita 1.2. Madirisha hayalingani.
- Kuchora kwa kutazama kichezeo cha dukani. Vichezeo huwa na pua nene na mabawa mafupi.
- Kupiga picha kiwanjani bila ruhusa. Viwanja vya ndege vina maeneo yasiyopigwa picha, na maelezo ya kwamba ni kwa ajili ya ndege ya mfano hayatasaidia sana mbele ya askari. Ruhusa iombwe kwanza, au zitumike picha ambazo mashirika yenyewe yameziweka hadharani.

## Vitu vya kuundia

Boksi. Maboksi ya friji na televisheni yana karatasi ngumu yenye mistari ya mawimbi ndani. Hupinda kirahisi kufuata mistari hiyo na huvunjika yakipindwa kinyume. Kwa ngozi ya kiwiliwili, mistari ielekee kutoka pua hadi mkia. Boksi lililowahi kulowa halifai hata likionekana limekauka.

Povu jeupe gumu. Ni lile linalofungia televisheni ndani ya boksi. Ni jepesi kuliko kitu kingine chochote kinachopatikana, hukatwa kwa kisu chenye makali na kulainishwa kwa msasa. Linafaa kwa pua, ncha za mabawa na viungio vya mviringo. Kuyeyuka ndiyo hatari yake, na imeelezwa kwenye sehemu ya gundi.

Plaiwudi ya mm 3. Kwa uti wa kiwiliwili na mbavu chache zinazobeba mzigo. Ikitumika kila mahali, kilo 2 zitapita kabla rangi haijaguswa.

Mianzi. Ikipasuliwa na kukaushwa vizuri, huwa uti wa bawa wenye nguvu na mwepesi.

Mabua ya mahindi. Ufipa ni nchi ya mahindi, na baada ya mavuno mabua yako kila shamba. Watoto wamekuwa wakiyafanya magari na ndege tangu zamani, kwa hiyo muundaji hukuta mafundi wa umri wa miaka kumi wanaojua kuyakata kuliko yeye. Nyama ya ndani ya bua hujaza vizuri pembe za pua na miisho ya mkia. Bua likatwe likiwa limekauka kabisa, limenywe ganda, likaushwe tena juani kwa wiki kadhaa. Lisitumike kamwe kama mfupa wa bawa: hunyonya unyevu wa masika, hulegea, na panya hulipenda.

Vya fundi baiskeli. Spoku kuukuu hufanya miguu ya magurudumu na vishikizo vidogo. Waya wa breki ndio wa kutundikia. Fundi huwa navyo kwenye ndoo ya vitu vya kutupa.

## Gundi, na kwa nini pua huyeyuka

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo ya kutegemewa. Inashika boksi, povu, mbao na karatasi, na haili povu. Udhaifu wake ni ubaridi. Sumbawanga iko kwenye zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake ni kali. Gundi hiyo ikikauka kwenye baridi kali hugeuka unga mweupe wa chokaa usioshika kitu. Katika miezi hiyo kazi ya gundi ifanywe asubuhi jua likishapanda, ndani ya chumba kinachopata jua, na isiachiwe usiku wa kwanza kwenye stoo ya bati.

Nyingine zina mipaka:

- Supagluu hula povu jeupe. Tone moja hufungua shimo la ukubwa wa kidole. Itumike kwa spoku, plastiki na mianzi pekee.
- Gundi ya viatu nayo hula povu kwa sababu ya dawa iliyomo. Inafaa kuunganisha raba kwa plastiki. Mvuke wake usivutwe ndani ya chumba kilichofungwa.
- Gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme ni ya haraka, lakini hulainika tena kwenye joto. Ndege iliyotundikwa karibu na bati lisilo na dari mwezi wa Oktoba inaweza kuachia bawa mchana.

Kinachofanya povu kuyeyuka ni thina na dawa za jamii yake, ambazo zimo pia kwenye rangi nyingi za kopo za kupuliza. Pua iliyochongwa vizuri inaweza kuwa bonde ndani ya dakika moja ikipuliziwa moja kwa moja. Kinga yake ni kulifunika povu lote kwa vipande vya karatasi ya gazeti vilivyolowekwa kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, tabaka 2, kila tabaka likauke kabisa. Baada ya hapo kipande cha povu cha kutupa, kilichofunikwa vivyo hivyo, kipuliziwe rangi kwanza na kuachwa hadi kesho yake. Kikibaki na umbo lake, pua nayo itabaki.

## Kiwiliwili

1. Umbo la ubavu lichorwe kwenye plaiwudi na kukatwa kama ukanda wa upana wa sm 2 unaofuata mzingo wa ndege. Huo ndio uti.
2. Viunzi vya mkato wa mbele wa kiwiliwili vichorwe kwenye boksi lililobandikwa tabaka 2 kwa mistari inayopishana. Kwa Caravan ya sm 127, viunzi 10 hadi 12 vinatosha. Kiunzi kipana kuliko vyote kina karibu sm 16, kwani chumba cha abiria cha ndege halisi kina karibu mita 1.6.
3. Kila kiunzi kikatwe katikati kiwe na mfereji wa kukaa kwenye uti. Kabla ya gundi vyote vipangwe vikavu na kutazamwa kutoka mbele, jicho moja likiwa limefumbwa. Kiunzi kilichopinda kitaonekana hapo, na kukinyoosha bado ni rahisi.
4. Viunzi 2 vinavyokaa chini ya bawa viwe vya plaiwudi. Hivyo ndivyo vitakavyobeba uzito wote siku ndege itakapotundikwa.
5. Ngozi ya boksi ivutwe kwanza juu ya ukingo wa meza ili ilainike, kisha ibandikwe ubavu mmoja na ubavu wa pili siku hiyo hiyo. Ubavu mmoja ukikauka peke yake huvuta mkia upande wake.
6. Madirisha yakatwe kabla ngozi haijabandikwa. Plastiki ngavu ya jalada la ripoti ibandikwe kwa ndani.

Kosa linaloonekana sana katika hatua hii ni puti. Ngozi ikiwa na mabonde, mkono hukimbilia puti ya magari, ambayo ni nzito na hupasuka juu ya boksi linalonyumbuka. Bonde lijazwe kwa karatasi na gundi, au ngozi ibanduliwe irudiwe.

## Bawa

Bawa ndilo linaloamua kama ndege itaonekana ya kweli. Kwenye Caravan halisi bawa lina upana wa karibu mita 2 shinani na hupungua kuelekea nchani, na unene wake hupungua pia. Kwa skeli 1:10 ubavu wa shinani, yaani kipande cha mkato kinacholipa bawa umbo, una urefu wa karibu sm 20 na unene wa karibu sm 3.4, wa nchani una urefu wa karibu sm 12 na unene wa sm 1.5. Wanaokata mbavu zote kwa unene mmoja hupata ubao, na hakuna rangi itakayouficha.

Mbavu 8 kwa kila upande zinatosha, zikiachana kama sm 11. Kila moja itobolewe tundu la kupitisha ukanda wa mwanzi, ambao ndio uti wa bawa. Ngozi ya chini ibandikwe kwanza bawa likiwa juu ya mlango wa zamani au ubao ulionyooka, likandamizwe kwa vitabu au matofali yaliyofungwa kitambaa. Kesho yake hufuata ngozi ya juu, mkandamizo ukiwa ule ule. Bawa lililokauka hewani hujisokota, na kusokota huko hakurekebishiki.

Mabawa ya Caravan hayako sawa na upeo wa macho. Yanapanda kwa nyuzi 3 kutoka shinani hadi nchani. Kwa nusu bawa ya sm 79, hiyo ni sm 4 tu, lakini jicho huziona. Njia rahisi ya kuzipata ni kukata ulimi wa plaiwudi wa mm 6 wenye umbo la V pana sana, ambao kila mkono wake unapanda nyuzi 3. Shina la kila bawa liwekwe kijisanduku cha plaiwudi kinachoupokea ulimi huo kwa kubana. Bawa huchomekwa, halibandikwi.

Kuchomeka huko ndiko kunakoifanya ndege ya mita 1.59 ipite kwenye mlango wa sm 80. Kila nusu ina sm 79, na kiwiliwili cha sm 127 hupita kwa kutangulizwa pua. Mhimili wa chini ya bawa nao ushikwe kwa pini ya waya ili utoke. Ndege kubwa iliyobandikwa ikawa kitu kimoja huzaliwa ndani ya chumba na kufia humo humo.

## Panga boi, magurudumu na vidogo vingine

Panga boi la Caravan lina kipenyo cha mita 2.69, yaani sm 27 kwa skeli hii. Mapanga ni 3, yakiachana nyuzi 120, na huchongwa kutoka kwenye mwanzi ulio mpana, kila panga likisokotwa kidogo. Lizungukie msumari ulioingizwa kwenye pua, kwa kuwa kila mgeni atalisukuma kwa kidole. Lililobandikwa litavunjika.

Magurudumu hukatwa kutoka soli ya kandambili kuukuu, tabaka 2 au 3, kisha huzungushwa kwenye msasa. Antena ni sindano. Caravan nyingi hubeba sanduku la mizigo chini ya tumbo, nalo lina faida kubwa kwa muundaji: hufunika maungio yote ya ngozi upande wa chini.

## Rangi

Rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, ikipakwa kwa sponji tabaka nyembamba, inatosha kwa ndege ya kwanza na haiyeyushi kitu. Anayetaka mng'ao aanze na praima, apige msasa laini, kisha apulizie rangi ya kopo kutoka umbali wa sm 25 hadi 30, akipita haraka na kurudia. Tabaka nene hutiririka.

Hali ya hewa ina nafasi yake. Kati ya Novemba na Aprili unyevu wa mvua hufanya rangi ya kupuliza iwe na ukungu mweupe. Katika kiangazi upepo huleta vumbi linaloganda kwenye rangi mbichi. Wakati mzuri ni asubuhi ya kiangazi, umande ukishakauka na upepo haujaanza. Kopo na thina vikae mbali na jiko la mkaa.

Maandishi na nembo huchapwa kwenye stika na wachapaji wa mjini. Usajili wa ndege za Tanzania huanza na 5H, na herufi zinazofuata zinakiliwe kutoka picha ya ndege moja mahususi. Ndege zinazofanana hutofautiana kwa vitu vidogo, na wapo watazamaji wanaovijua. Twiga wa mkia wa Air Tanzania ana mistari myembamba. Achapwe kwenye stika, asichorwe kwa brashi. Ndege ikiwa ya kuuzwa, ruhusa ya kutumia nembo iombwe kwa kampuni yenyewe.

## Kutundika

Dari ya jipsam au silingi bodi haibebi skrubu. Kinachobeba ni mbao iliyo nyuma yake. Hupatikana kwa kugonga kwa kifundo cha kidole hadi mlio uwe mzito, au kwa kupanda darini na kutazama. Skrubu yenye kulabu iingie kwenye kenchi au papi kwa sm 3 angalau.

- Nyuzi ziwe 3: mbili kwenye viunzi vya plaiwudi chini ya bawa, moja karibu na mkia. Uzi mmoja katikati huifanya ndege izunguke kila mlango unapofunguliwa.
- Kila uzi uwe na uwezo wa kubeba ndege yote peke yake, ili mmoja ukikatika isianguke.
- Waya wa breki ya baiskeli ni bora kuliko mshipi wa nailoni. Mshipi hauonekani sana, lakini hurefuka polepole na jua huuchakaza.
- Kabla ya ndege kupanda, mfuko wa mchanga wenye uzito mara 3 ya ndege uning'inizwe kwenye kulabu hizo kwa siku nzima.
- Isitundikwe juu ya kitanda, kiti cha mtoto, jiko au televisheni.

Nyumba ya bati isiyo na dari ina tatizo la ziada. Usiku wa baridi bati hutoa jasho kwa ndani na matone huanguka. Ndege ishuke sm 50 hivi chini ya bati, na karatasi ya nailoni itandazwe juu yake, karibu na papi.

Kwa stendi, kipande cha bomba la chuma la nusu inchi kikisimikwa kwenye ubao mzito wa mninga kinatosha. Bomba liishike ndege chini ya theluthi ya mbele ya bawa, mahali inapokaa bila kuinama pua wala mkia. Mahali hapo hutafutwa kwa kuibeba kwenye vidole viwili.

## Kutunza

Vumbi likiachwa hadi masika hushikana na unyevu na kuwa doa. Brashi laini ya rangi, kavu, ipitishwe kila wiki kutoka shina la bawa kuelekea nchani. Kitambaa chenye maji huondoa stika. Ndege isitazamane na dirisha la magharibi, kwani jua la jioni hugeuza nyeupe kuwa njano upande mmoja. Jikoni hapafai kabisa, moshi wa kuni haufutiki.

Panya huingia kupitia tumbo lililoachwa wazi, kwa hiyo kila tundu lizibwe. Stendi ya mbao ikaguliwe chini kila mwezi, maana mchwa huanzia mahali inapogusa sakafu.

## Mashaka yanayobaki

Je, inaweza kurushwa baadaye? Hapana. Ya kutazamwa haina nguvu wala mizani ya kuruka. Anayetaka ya kuruka aunde nyingine, na kwanza aulize masharti kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Asiye fundi seremala ataweza? Ataweza, kwa sababu kazi kubwa ni kupima na kukata karatasi. Asiyejua kupima atapata shida zaidi kuliko asiyejua randa.

Watoto wahusishwe? Wahusishwe kwenye kukunja ngozi, kubandika karatasi na kuchonga mabua. Wembe, supagluu na kopo la kupuliza vibaki mikononi mwa mtu mzima.

Bawa likivunjika? Bawa la kuchomeka hutolewa, mbavu mbili zikabadilishwa, ngozi ikabandikwa upya. Ndiyo maana violezo vya karatasi vya mbavu na viunzi havitupwi. Vikunjwe kwenye bahasha, viandikwe jina la ndege na skeli, na nakala yake apewe mwalimu wa shule ya jirani. Wanafunzi wakipata violezo vilivyokwisha kupimwa, maboksi na gundi nyeupe wataweza kuvitafuta wenyewe.